Senti ya Daraja

Idi pili, saa tisa, Kuze.
Joto limekaa chumbani kama mgeni asiyeaga,
kaimati zimegandana kwa shira,
na Swabra, ambaye kimya humuwasha mwili,
atuuliza: kitu cha kwanza kabisa
unachokumbuka duniani, ni kipi?

Chake ni kuku.
Kuku mweupe juu ya cherehani,
mguu umefungwa kwa uzi wa kushonea kofia.
Alimfungua, akachapwa,
na mpaka leo hajui kosa la kumhurumia kuku.
"Kuku yule hakuwa wetu," asema Mama.
"Ndilo kosa."

Aboud, kitindamimba, akumbuka birika la bafuni
na vile visamaki vyeusi vya kula viluwiluwi.
Kila kimoja alikipa jina.
Majina yamemtoka, ila moja:
Bwana Afya.

Mimi nikasema: daraja.
Lile la kale, la kuelea, la kwendea Nyali.
Nimebebwa mabegani, kisogo cha Baba kina chumvi,
kiganjani nimefumbata senti
mpaka imepata moto na kunuka mkono.
Mtu wa kofia ya kaki aidai.
Sitaki kuiachia.
Kisha barabara yapumua.
Naam, yapumua: yapanda kidogo, yashuka,
kama kifua cha mtu aliyelala chali,
nami namshika Baba masikio yote mawili
tupite polepole,
tusije tukamwamsha.

Mama akaweka kikombe chini.
"Daraja lipi? Yuwaota huyu!
Lile liliondolewa wewe hujatungwa.
Uchungu wako ulinishika Kongowea,
nikavushwa kwa hili jipya la zege,
teksi yazima, yawaka, yazima,
karibu unitoke katikati ya mkondo!"

Wakacheka. Nikacheka nao,
huku kiganja kikiniwasha
pale ilipokuwa senti.

"Hayo ni ya Twahir," Mama akaongeza,
akijipepea kwa ncha ya leso.
"Yeye ndiye aliyebebwa. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania senti
hata magari ya nyuma yakapiga honi."

Tukamgeukia Twahir,
karani wa forodha, ndevu zishaingia mvi.
Akavua miwani, akaifuta, akafikiri kwa haki.
"Daraja? Silikumbuki.
Mimi nakumbuka viatu vya shule. Vilibana."

Nikajaribu kumrudishia mali yake,
kimoja kimoja: chumvi, kofia ya kaki, masikio.
Akavipokea kwa adabu na kuvitazama
kama mtu aliyeletewa barua ya jirani,
kisha akanirejeshea.

Basi changu ni kipi?

Nikarudi nyuma zaidi, kwa kupapasa,
kama mtu atafutaye swichi nyumba ikiwa giza.
Chandarua. Kiraka cha buluu kwenye chandarua.
Kisigino cha Twahir muundini mwangu, kikavu kama kifuu.
Mnong'ono, pumzi yenye harufu ya maziwa ya iliki:
*halafu barabara ikapumua.*
Inapumua vipi?
*Hivi.*
Akautwaa mkono wangu, akauweka kifuani pake,
akavuta pumzi hata mbavu zikatengana,
akaishusha.

Sikumwambia mtu.
Twahir mwenyewe alikuwa kesha lala mkekani,
chali, mdomo wazi, tambi tumboni,
na shati lake lililopigwa pasi ya Idi
likipanda kidogo,
likishuka.
Nikavuta miguu yangu kando, nisimguse.

Hakuna aliyemuuliza Mama.
Alikusanya vikombe, akavipanga siniani
vikigongana, akafika mlangoni, akasimama
mgongo wake kwetu.
"Mimi nakumbuka sauti ya kitu kikiburutwa," akasema.
"Kizito. Sijui kitu gani.
Na wa kumuuliza hayuko tena."

Kisha tukasikia mfereji ukifunguliwa.